Jina Lililokwenda Mkonge

Vijana wa gazeti, siku mliyoniaga mliniuliza swali ambalo sikulijibu, kwa sababu hotuba zilikuwa ndefu na chai ilikuwa inapoa. Mliuliza: mtu aliyeanza kazi akipima ulezi dukani aliishiaje kuwa mwandishi wa gazeti na mtunzi wa vitabu? Nimekaa nyumbani Mazwi majuma matatu sasa. Mke wangu amekwisha kuchoka kuniona mchana, nami karatasi ninazo. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vya kwangu havikuwa vya kusimuliwa. Nitakaa zaidi juu ya mwanamke mmoja, Yusta, ambaye nusura aondolewe kwenye mashamba yake kwa sababu ya jina nililoliandika mimi, kwa mwandiko mzuri, huku nikilitilia shaka.

Mwalimu wangu wa kwanza kazini alikuwa Mzee Salehe, mwenye duka mtaa wa Majengo. Wakulima walimletea ulezi na mahindi katika magunia, nami kazi yangu ilikuwa kufungua, kumimina na kupima. Kabla ya kupima, Mzee Salehe alikunja mkono wa kanzu, akafumba macho, akauzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani. Alitoa humo mawe, makapi, na siku moja kipande kizima cha jiwe la kusagia. Hakugomba. Alikiweka kile kipande juu ya kaunta, akamtazama mwenye gunia mpaka mwenyewe akaangalia chini.

“Gunia halisemi mpaka uliulize,” aliniambia. “Na ukiliuliza juu juu, litakujibu juu juu.”

Katika kazi yetu ya habari sijapata kusikia fundisho lililo bora kuliko hilo. Jioni alinikung’uta mifuko ya shati kabla sijatoka. Nilipoona haya alinipoza: “Sikushuku, Kasiano. Naangalia tu kama napaswa kukushuku.”

Nilikuwa nimesoma kwa mapadri mpaka kiasi cha kuandika barua isiyo na aibu, na mwandiko wangu ulionekana kwenye magunia. Ndipo nikachukuliwa na ofisi moja iliyokusanya vibarua wa mashamba ya mkonge upande wa Tanga. Jina la ofisi hiyo siliweki hapa, na ofisi yenyewe imekwisha kufungwa. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi, kitabu kikubwa cha majina, na chupa ya wino uliotengenezwa kwa unga. Asubuhi za Ufipa mnazijua kwa baridi. Wino ulikuwa mzito kama uji, na niliuweka ndani ya shati kwa nusu saa kabla ya kuandika hata herufi moja. Jihadharini na kizibo. Mashati yangu mawili yalikufa hivyo.

Hapo ndipo nilipojifunza ubaya wa neno. Siku zile, huku kwetu, kuandika mtu maana yake ilikuwa kumpeleka mkonge. Ukisikia fulani ameandikwa, ujue amepanda lori, na mkewe analia au anajifanya kulia. Basi mimi nilikuwa mwandishi, na nilipopita njiani na kalamu sikioni, vijana waliingia kwenye mashamba ya mahindi kama kware. Bibi mmoja alinikataza hata kumsalimu. Alisema shikamoo yangu ina wino.

Waliokuja ofisini kwa hiari yao walikuja na tahadhari nyingine. Walitoa majina ya uongo. Jina la mji wetu wenyewe, kwa lugha ya nyumbani, maana yake ni Tupa-Uchawi, lakini sijamwona mtu aliyekiri kutupa wa kwake. Kila mmoja anasubiri jirani aanze. Katika hali hiyo, nani atamkabidhi karani mgeni jina alilopewa na babu zake, lisafiri juu ya karatasi mpaka nchi asiyoijua? Nikaandika kina Tabu, kina Jumatatu, kina Sijui. Nilimwambia karani mkuu wa ofisi kwamba huyu na huyu wanatudanganya.

“Wewe ni padri wa ubatizo?” aliuliza. “Andika anachosema. Dole gumba lake halidanganyi.”

Nikaandika. Lakini mkono wa Mzee Salehe ulikuwa umeniingia. Nikanunua daftari langu mwenyewe, na kila jina ambalo halikukaa vizuri usoni pa mtu nililinakili humo, na pembeni yake nilichokiona: kovu, mwendo, neno alilosema, alitazama wapi kabla ya kujibu. Sikuwa na sababu yoyote nzuri. Mtu aliyezoea kupekua gunia hawezi kulipita limefungwa.

Karani mkuu alilikuta daftari hilo mezani siku nilipokwenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa amelifungua, anasoma kwa kidole.

“Unamwandikia nani?” akauliza.

Nikamwambia simwandikii mtu. Hakuna jibu baya kuliko hilo. Angeniamini zaidi kama ningesema nampelelezea Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa Boma. Alinirudishia daftari kwa ncha za vidole, na mwisho wa mwezi nikaambiwa kwamba kazi imepungua. Kesho yake aliajiriwa mwingine.

Nilizunguka kidogo. Niliwafundisha watoto kusoma katika shule ya nyasi njia ya kwenda Namanyere, mpaka mvua ikaiangusha. Kisha Boma wakatafuta mkalimani wa baraza, mtu wa Kifipa, Kiswahili na Kiingereza kidogo. Kiingereza changu kilikuwa kidogo kweli, lakini Bwana Shauri alipenda kusema Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo vilevile, basi tulikutana katikati.

Ukalimani ni kazi ya kushukiwa na pande zote mbili. Mlalamikaji anadhani umepunguza, mshitakiwa anadhani umeongeza, na Bwana Shauri anashangaa mzee amesema kwa robo saa na wewe umetoa maneno manne. Nilijiwekea sheria moja tu: kisemwe chote, hata kama ni cha kipumbavu.

Ndipo likaja shauri la Yusta. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye mashamba mazuri ya ulezi na maharage katika kijiji kimoja njia ya Namanyere. Mwanawe wa pekee, Lazaro, alikuwa ameondoka kwenda mkonge. Wenzake walioondoka naye walikuwa wamerudi na mablanketi na maneno ya pwani. Wao walisema waligawanywa mashamba mbalimbali mara waliposhuka garini, na tangu hapo hawakumwona. Ofisi ya vibarua iliulizwa, nayo ikajibu kwamba katika vitabu vyake hakuna mtu aitwaye Lazaro.

Aliyemshitaki alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba mwaka mzima, ukiwa na kidonda kisichofunga. Hoja yake ilikuwa fupi: kijana hayumo vitabuni kwa sababu hakufika kokote, mama yake amemla, na sasa ameanza mguu wa shemeji. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa kwa sheria ya serikali, kwa hiyo shauri liliandikwa “ugomvi wa mipaka ya shamba.” Kila mtu barazani alijua ni mipaka ya nini.

Nilianza kama kawaida. Nikamwomba mshitaki ataje jina lake.

“Pius Kasanda,” akasema.

Nililigeuza kwa Bwana Shauri, ingawa jina halihitaji kugeuzwa. Lakini ulimi wangu ulilitambua. Nilikuwa nimeliandika jina hilo, na uso uliokuwa umekuja nalo haukuwa huu.

Wazee wa baraza waliamua kwa namna ya kwetu, yaani bila kusema waziwazi. Kama kijana yu hai, na alete neno lake kabla ulezi haujaingia ghalani. La sivyo, itakuwa vema Yusta “apumzike” kwa ndugu zake upande wa bondeni. Bwana Shauri aliuliza kama mama yule amechoka. Sheria yangu ilinilazimu kumweleza kwamba hajachoka, bali anafukuzwa. Akaandika kitu, akaita shauri la pili.

Nyumbani nililitoa daftari kutoka chini ya kitanda. Ukurasa nilioutafuta ulikuwa umeliwa na mende pembeni tu. Nilikuwa nimeandika hivi: “Pius Kasanda. Njia ya Namanyere. Kijana; jina la mtu mzima. Alitazama mlangoni kabla ya kulitaja, akacheka baada ya kulitaja. Ametoa dole la kushoto, akaambiwa atoe la kulia.”

Siku ya pili nilimfuata Yusta shambani kwake. Alikuwa akivunja matuta yale ya duara tunayofukia nyasi ndani. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinuka. Nikamwuliza kama Lazaro alitumia mkono wa kushoto.

“Nani kakwambia?” akauliza.

“Nauliza tu, mama.”

“Mkalimani haulizi tu. Umetumwa na Pius?”

Nikamweleza yote, pamoja na kazi yangu ya zamani. Hilo lilikuwa kosa, maana aliposikia kuwa mimi ndiye niliyemwandika mwanawe alisimama na jembe mkononi, na kwa muda sikujua shauri hilo lingekwisha vipi. Kisha akauliza jina alilolitoa. Nilipomtajia aliketi juu ya tuta.

Alielewa kabla yangu. Lazaro alimwogopa baba yake mdogo, akiamini kwamba ndiye atakayemfuata kwa dawa huko aendako. Basi alijiandika kwa jina la Pius, ili dawa ya Pius ikitumwa kulifuata jina, imrudie mwenyewe. Mimi niliyejivunia kupekua magunia sikuwa nimefika huko. Kijana aliukimbia uchawi kwa hila nzuri, na hila hiyo ikamfanya mama yake aitwe mchawi.

Ili kumpata ilinibidi kuwa na namba ya kipande chake, ile kadi ya kazi, na namba ilikuwa katika kitabu kikubwa cha ofisi ya vibarua. Nikaenda. Karani mkuu alikuwa pale pale, amezeeka kidogo, miwani imefungwa kwa uzi.

“Safari hii unamwandikia nani?” akauliza.

“Namwandikia mama yake.”

Aliirekebisha miwani yake. Akakitoa kitabu, akakifungua kwenye mwaka nilioutaja, akakigeuza upande wangu, kisha akatoka nje kuvuta sigara. Alivuta mbili. Tangu siku hiyo nimewasamehe makarani wengi.

Barua yangu ya kwanza kwa karani wa shamba la mkonge ilijibiwa baada ya wiki nyingi. Alisema Pius Kasanda wa namba hiyo yupo, mzima, anakata majani ya mkonge kama kawaida. Ameulizwa kama yeye ni Lazaro. Amekana. Amesema hamjui Lazaro, na anayemtafuta Lazaro aache.

Nilimpelekea Yusta habari hiyo nikiwa na huzuni, yeye akacheka.

“Ndiye,” alisema. “Lazaro hukana hata njaa.”

Lakini baraza lisingepokea mtu anayekana. Nikamwambia atafute neno moja ambalo mwanawe akilisikia atajua limetoka kwake, si kwa Pius wala kwa mtu wa serikali. Alifikiri huku akipepeta ulezi. Ulezi ulikuwa umeanza kuvunwa, na kila ungo uliojaa ulitupunguzia siku. Mwishowe akaniambia niandike, na nisibadilishe kitu. Nikayaandika kwa Kifipa kama yalivyotoka kinywani mwake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiweka lugha ya nyumbani kwenye karatasi, na sikujua baadhi ya sauti zinaandikwaje. Kwa Kiswahili ni hivi:

“Yule mbuzi mweusi hakuliwa na fisi. Nilimtoa mimi, nikawapa ndugu zangu wa bondeni walipokuwa na njaa, nikamwogopa baba yako. Ulipigwa bure. Niliona unapigwa nikanyamaza.”

Nilimwuliza kama kweli anataka karani asiyemjua ayasome hayo.

“Wananiita mla watu,” akasema. “Mbuzi ni nini?”

Jibu lilikuja wiki ambayo magunia ya mwisho yalikuwa yakifungwa. Tarishi wa Boma aliniletea barazani wakati wazee wamekwisha kukaa, na Yusta amekwisha kuitwa mbele. Pius alikuwa kwenye benchi, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nikaomba ruhusa kuifungua. Niliisoma kimya kwanza, na hapo nikapata kishawishi kikubwa kuliko vyote vya kazi yangu. Ningeweza kulisoma neno la uzima na kuliruka jina. Yusta angepona, Pius asingejua lolote, na nani angenishuku? Kila mtu, kama kawaida. Kwa hiyo hakukuwa na faida. Nikasoma chote.

“Mimi Lazaro, niliyejiandika Pius Kasanda, nipo. Mwambieni mama kwamba nimesikia habari ya mbuzi. Mkataba nilioongeza ukiisha nakuja.”

Watu walimgeukia Pius mmoja mmoja, kama wanaoangalia nyumba inayofuka moshi. Yeye aliutazama mguu wake.

“Huko anafanya kazi gani?” akaniuliza.

“Anakata mkonge, mzee.”

“Kwa jina langu?”

“Kwa jina lako.”

Akahesabu miezi kwa vidole. Halafu akasema polepole, kama mtu aliyegundua wapi paa linavuja: “Basi nimekata mkonge mwaka mzima bila kujua. Mguu huu utaponaje, nao kila siku unasimama kwenye miiba ya Tanga?”

Mzee mmoja wa baraza alianza kukohoa, na kikohozi kikawa kicheko, na kicheko kikaenea mpaka kwa askari wa mlangoni. Pius hakucheka. Alisema Lazaro arudi upesi amletee jina lake, na mambo ya mama yake yameisha, yeye hana tena neno naye. Bwana Shauri aliniuliza wanacheka nini. Nilimweleza chote, kwa sheria yangu. Alifikiri kidogo, akaandika: “Mipaka imekubaliwa.”

Mguu wa Pius ulitibiwa na masista wa misheni, ambao walitoa ndani yake kijiti kirefu kama sindano ya kushonea mikeka. Kijiti kilitoka juma lile lile ambalo mkataba wa Lazaro uliisha. Msinitazame mimi. Nimeandika nilichokiona.

Lazaro alishuka kwenye lori Majengo asubuhi ya baridi, na kijijini tulifika jua likiwa kichwani. Niliombwa kwenda naye na Pius mwenyewe, aliyetaka shahidi. Watu walikuwa wamekusanyika, lakini walisimama mbali kidogo na Yusta, kwa mazoea. Lazaro alikuwa amenenepa mabega, na alitembea kama mtu anayekanyaga nchi ya kuazima. Alimwendea baba yake mdogo kwanza, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa.

“Shikamoo, baba. Jina lako nimelirudisha.”

“Marahaba.” Pius alimtazama juu mpaka chini. “Halikufanya deni huko?”

“Hapana, baba.”

“Wala halikuoa?”

Lazaro alichelewa kujibu, na watu wakaanza kucheka tena. Pius aliupiga mguu wake kwa kiganja, akamwambia ainuke akamsalimu mama yake.

Yusta hakumkimbilia. Alimgusa kovu la zamani begani, kisha kiganja cha mkono wa kushoto, akakiangalia kwa muda mrefu. Kilikuwa na sugu zisizo za jembe. Aliendelea kukishika, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na kofia mkononi.

“Wewe,” akasema. “Kalamu unayo?”

“Ninayo, mama.”

“Andika kwamba amefika.”

Nilipiga goti, nikaliweka daftari juu ya goti jingine, nikaandika. Watu walisogea hatua moja nyuma, kama walivyofanya daima waliponiona nikiandika. Yusta akaniambia nisome nilichoandika, kwa Kifipa, na kwa sauti.

“Lazaro, mwana wa Yusta, amefika nyumbani kwa mama yake.”

“Soma tena. Shemeji yangu amezeeka, labda hakusikia.”

Nikasoma tena. Pius alisema amesikia. Yusta akasema wa kule nyuma hawajasikia, nikasoma mara ya tatu, na safari hii walikuja karibu, wakalizunguka lile daftari. Jirani mmoja, mwanamume mzima ambaye miaka ile aliwahi kunikimbia akaacha jembe lake njiani, aliinama akatazama mistari yangu. Kisha akauliza kama hapo chini pamebaki nafasi, maana yeye naye alikuwa na habari.

Nilifungua ukurasa mwingine.